Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jumamosi za Kinnick

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana, na watoto mnaokimbizana huko nyuma: Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Katiba inanitaka nisome taarifa hii kila mwaka kabla ya uchaguzi wa kamati. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana harufu ya pilau imeshatangulia ukumbini na mwenye njaa hasikii hesabu. Za fedha atazisoma Mweka Hazina mwenyewe. Kwa ufupi, hatudaiwi na mtu, ada zimelipwa na wengi wenu (ambao hamjalipa mnajijua, na mimi nawajua), na michango ya misiba ilifika kwa wakati isipokuwa mara moja. Hiyo mara moja nitaisema nikifika mahali pake.

Kubwa la leo ni deni la mwaka jana. Mtakumbuka mzee wetu wa Kigoma, aliyekaa pale karibu na mlango, alisimama kwenye mkutano kama huu akauliza: chama cha Waswahili wa Iowa City, kilichoanzishwa ili tuzikane na tupokee wageni, kwa nini kinatoa Jumamosi sita au saba kila msimu wa majani kupukutika kwa ajili ya mpira ambao si mpira, unaobebwa mikononi, na mtu akipiga hatua mbili anaangushwa? Akaongeza kwamba nusu yetu hata ndani hatuingii. Mkacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki, na tiketi ya mtu mmoja kweli ni bei ya gunia la mchele.

Niliahidi kujibu. Mwaka mzima, msibani, harusini, kwenye foleni ya duka la Mhindi, nimekuwa nikimuuliza kila mwanachama swali moja: una kumbukumbu gani nzuri ya Kinnick? Sharti lilikuwa asinitajie matokeo. Anayetaka matokeo ayatafute kwenye gazeti.

Kwa waliofika juzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale na kwingineko, niwaelekeze kidogo. Kinnick ni uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambao timu yake inaitwa Hawkeyes; ulifunguliwa 1929, na unaingiza watu kama 69,000. Mji wote wa Iowa City una wakazi wapatao 75,000. Kwa hiyo siku ya mechi ni kama mji mwingine umekuja kulala juu ya mji wetu. Ndiyo maana Jumamosi hiyo mkienda sokoni kwa gari mnarudi jioni. Jina ni la Nile Kinnick, kijana wa hapo chuoni aliyepewa tuzo ya Heisman mwaka 1939, ile anayopewa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Miaka minne haikutimia, ndege yake ya mazoezi ya jeshi la majini ikaanguka baharini. Alikuwa na miaka 24. Sehemu yenyewe ya kuchezea, zile nyasi za bandia, ina jina lingine tangu 2021: Duke Slater, mchezaji mweusi aliyewika hapo miaka ya 1918 hadi 1921 na baadaye akawa jaji Chicago. Nawaambia watoto wetu hivi: ukuta wa Kinnick, ardhi ya Slater.

Sasa niingie kwenye kumbukumbu zenyewe.

Nyingi mlizonipa hazikutokea uwanjani, zilitokea kwenye bustani. Wenyeji wana desturi ya kufika alfajiri, kuegesha magari, kuwasha majiko na kula pamoja hadi saa ya mechi. Wenye nyumba za karibu wanakodisha hata majani ya mbele ya mlango, gari moja baada ya jingine. Sisi tulipata bahati ya babu mmoja Mmarekani, fundi mstaafu, aliyetuachia kona ya uani kwake bure mwaka wa kwanza kwa sababu gari letu lilizimika mbele ya nyumba yake na halikuwaka tena hadi Jumatatu. Siku ile tulikuwa na sambusa za harusi na chupa mbili za chai ya tangawizi. Tukampa. Wiki mbili baadaye alikuwa ametufungia kamba kwenye miti, gari lingine lisiingie. Ndipo tulipopaita Kijiweni, na jina limebaki. Babu mwenyewe sasa anasema "kijiweni", ingawa akilisema linasikika kama kitu cha kula.

Mechi ikianza saa tano asubuhi, mkaa unawashwa kumi na moja. Mnajua wenyewe nani anafika saa hiyo na nani anafika nyama ikishaiva.

Mzee mwingine wetu, aliyekuwa mkulima Uvira kabla ya vita, alinipa kumbukumbu ninayoipenda kuliko nyingi. Alikuwa hajali kabisa mpira huu. Siku moja akaona kwenye kofia ngumu za wachezaji kuna kibandiko cha duara cha manjano chenye herufi tatu, A, N, F. Akauliza ni kampuni ya bia? Mjukuu akamwambia ni America Needs Farmers, maana yake Marekani inawahitaji wakulima. Kilibandikwa 1985 na kocha wa wakati huo, Hayden Fry, wakati wakulima wa jimbo hili wananyang'anywa mashamba na mabenki. Mzee akanyamaza. Akaomba arudiwe. Akasema: "Vijana wanaopigana vichwa wamebeba mkulima kwenye paji la uso?" Tangu siku hiyo ana kofia ya Hawkeyes na haivui hata kanisani, jambo ambalo Mchungaji ameniomba nilitaje.

Huyo huyo ndiye aliyeleta lengalenga kwenye bustani. Analima kipande kidogo huko mjini, mchicha unamstawia kama umetukanwa. Jumamosi moja alipika sufuria nzima, na mgeni wa yule babu, mkulima wa mahindi na soya kutoka vijijini, akaja na sahani yake. Akala. Akaongeza. Akauliza hili jani ni jani gani. Mzee akamtolea shina moja alilokuwa amelibeba kwenye mfuko. Yule bwana akalishika, akaligeuza, akalinusa, kisha akakaa chini kwenye kiti cha kukunja akacheka hadi akatoa miwani. Ndugu zangu, binamu yake lengalenga ndilo gugu linalomtesa mkulima wa Iowa. Kila kiangazi wanamwaga dawa kuliua na halimaliziki. Yeye alikuwa amelipigania vita miaka arobaini, sasa amelila na kitunguu na karanga. Mzee wetu akamwambia kwa Kiswahili, mjukuu akatafsiri: "Adui akikushinda, mle." Nasikia sasa wanapigiana simu, ingawa hawana lugha ya pamoja. Sijui wanaongea nini.

Hapa niungame kosa langu, maana limeandikwa kwenye taarifa ya fedha na mtaliona tu. Fulana. Kamati iliniruhusu niagize fulana 60 nyeusi zenye maandishi ya manjano, rangi za Hawkeyes, ziwe sare yetu. Niliagiza saa tisa usiku nikiwa zamu ya usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Zilipofika nikafungua boksi: damu ya mzee. Damu ya mzee na dhahabu! Mimi nikaona si neno, rangi ni rangi. Tukazivaa. Tulipotokea Kijiweni watu wote sitini, babu aliacha kugeuza nyama. Hizo ni rangi za Minnesota, watani wakubwa wa Iowa, na siku ile mgeni alikuwa Minnesota. Tumetembea mtaa mzima wa Melrose tukizomewa na mashabiki wetu na kukumbatiwa na mashabiki wa adui, mmoja akampa mume wangu kofia. Vijana walizigeuza nje ndani. Akina mama wakazifunga kiunoni kama aproni. Leo zinafutia sufuria, na fedha ile nimeilipa nusu kutoka mfukoni mwangu. Nusu nyingine naomba msamaha.

Kwa vile nimewataja Minnesota, lazima niwaambie habari za nguruwe. Wengi mliniuliza kwa nini vijana wazima wanakimbilia sanamu ya nguruwe mechi ikiisha. Ni kombe. Ni nguruwe wa shaba wa kilo kama 44, anaitwa Floyd wa Rosedale, na anayeshinda anakaa naye mwaka mzima. Wapenzi wa kitimoto walifurahi, upande wa Waislamu tukaenda kumwuliza Ustadh. Akasema kumtazama hakutengui udhu.

Lakini asili yake si ya kuchekesha sana. Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mchezaji mweusi, Ozzie Simmons, kijana wa Texas, wakati timu kubwa zenye mweusi hata mmoja zilikuwa za kuhesabu. Minnesota walipokuja walimshughulikia yeye, si mpira. Alipigwa akatoka, akarudi, akapigwa tena. Watu wa Iowa walikasirika, na mwaka uliofuata, Minnesota walipotarajiwa tena, gavana wa Iowa, Clyde Herring, akatoa maneno makali hadharani kwamba safari hii watazamaji hawatavumilia. Ikaonekana damu itamwagika. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akamtumia telegramu: tuwekeane dau la nguruwe. Watu wakacheka, hasira zikapoa, mechi ikachezwa kwa usalama, Minnesota wakashinda 13 kwa 6, na Herring akampeleka nguruwe hai hadi ofisini kwa mwenzake. Wakampa jina la gavana.

Niliisimulia hadithi hii Kijiweni kwa vijana wetu, msimu wa 2023. Binti mmoja wa sekondari, sitamtaja, akauliza: "Kwa hiyo mtu mweusi alipigwa, na zawadi akapewa nguruwe?" Sikuwa na jibu. Babu Mmarekani alikuwa anasikiliza, naye hakuwa na jibu. Akasema tu kwamba amekwenda mechi za Floyd tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumwambia habari za Simmons. Waliendelea kuongea, yeye na yule binti, hadi mechi ikafika robo ya pili, na mimi nikaenda kugeuza mishkaki kwa sababu ilikuwa inaungua. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake binti aliyonipa nilipomuuliza. Hakutaja hata kwamba siku hiyo Iowa walifungwa 12 kwa 10, tena baada ya Cooper DeJean wa Iowa kuudaka mpira, kukimbia nao yadi 54 hadi mwisho na kufunga bao, waamuzi wakalifuta kwa madai kwamba kabla ya kuudaka alipunga mkono, na aliyepunga haruhusiwi kukimbia nao. Alipunga mkono! Kuna wanaume hapa ukumbini hawajalala vizuri tangu siku ile.

Kwa hesabu yangu mkono uliopungwa ndio unaowakaa watu wengi zaidi moyoni, ila si ule wa DeJean.

Kando ya uwanja, ng'ambo ya barabara tu, ipo hospitali ya watoto ya chuo kikuu, ghorofa nyingi, na ghorofa ya juu kabisa ina madirisha yanayotazama ndani ya uwanja. Ilipofunguliwa 2017 shabiki mmoja alitoa wazo: robo ya kwanza ikiisha, watu wote wageuke wawapungie watoto mkono. Wakafanya hivyo mechi ya kwanza ya nyumbani, Septemba mwaka huo, na hawajaacha. Mzee wetu wa Kigoma alipoona kwa mara ya kwanza aliuliza, "Wanapunga nini, pepo?" Nami namjibu leo, mzee wangu, kwa sababu mwaka huu niliona kutoka upande wa pili.

Mmoja wa akina mama zetu alikuwa na mwanawe kule juu, miaka sita, amefanyiwa upasuaji. Nilitoka zamu asubuhi nikampitishia uji kwenye chupa. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti kilekile ambacho nilimwacha Alhamisi, khanga mabegani. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu akasema leo kuna mechi, twendeni juu. Mtoto hakutaka. Alikuwa na mpira wa dripu umebandikwa mkononi na alikuwa amekasirishwa na dunia nzima. Tukamsukuma hivyohivyo.

Kutoka juu uwanja unaonekana kama sinia. Watu ni punje nyeusi na manjano, husikii kitu, kioo ni kinene. Robo ikaisha. Wakaanza kugeuka, upande wa chini kwanza, kisha kote, na mikono ikapanda. Na wachezaji. Na waamuzi. Na timu ya ugenini, ambao dakika moja kabla walikuwa wanataka kuvunjana mbavu. Wote wanatazama juu, kwetu. Mtoto akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Akauliza, kwa Kiswahili, "Mama, nani kawaambia niko huku?"

Mama yake hakumjibu. Alikuwa hajalia siku kumi na moja, tangu wapelekwe pale. Aliniachia mkono wa kiti, akaenda msalani, na nikasikia anafungua bomba la maji likiwa la nguvu. Mimi nikabaki na mtoto. Alipunga kwa ule mkono wenye dripu, nikamwambia tumia mwingine, akakataa.

Yuko hapa leo. Ni mmoja wa hao wanaokimbizana.

Sasa ile mara moja. Msiba uliochelewa kuchangiwa ulikuwa wa mzee wetu wa Kigoma mwenyewe. Dada yake alifariki huko nyumbani na taarifa ilikuja Jumamosi mchana. Katibu, Mweka Hazina na mimi wote tulikuwa Kijiweni, na siku ya mechi simu za watu zaidi ya elfu sitini zinagombania mnara mmoja, ujumbe hauingii wala hautoki. Tulipata habari saa mbili usiku. Mchango ulifika kwake Jumatatu badala ya jioni ileile. Mzee, nilikuomba radhi nyumbani kwako na narudia mbele ya watu: ulichosema mwaka jana kuhusu Jumamosi hizi, kwa siku hiyo ulikuwa sahihi, na sisi tulikosea.

Ila wewe pia unajua nani alikuja Jumapili. Babu wa watu alisikia kutoka kwa vijana, akaja matangani na bakuli la viazi lililofunikwa kwa foili. Akavua viatu mlangoni kama alivyoona wenzake wanavua, akakaa mkekani na yale magoti yake mabovu, na kwa vile hakujua la kusema, hakusema. Alikaa saa tatu. Ilibidi vijana wawili wamwinue. Nilipomuuliza mzee kumbukumbu yake ya Kinnick, alifikiri sana, akasema, "Mimi sina. Ila yule mzungu, viazi vyake havikuwa na chumvi." Nimeiandika kama alivyosema.

Kamati imeamua yafuatayo, na naomba mkutano uyathibitishe. Jumamosi ya mechi, kiongozi mmoja atabaki nyumbani na simu, kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu. Sare mpya zitaagizwa na Katibu, mchana, na rangi itaonwa kwa macho kabla ya kulipa. Mama aliyezuiwa getini na kikapu chake akumbuke kwamba mfuko unaoingia ni ule unaoonyesha kilichomo. Fedha aliyoifunga kwenye pindo la khanga iliingia bila tatizo, kwa hiyo tufuate mfano huo. Hema lililong'olewa na upepo wa Novemba limepatikana kwenye mti wa jirani, lina tundu, linashoneka. Suala la safari ya basi kwenda Ames kwenye mechi ya Iowa State limeahirishwa, kwa sababu watoto wenu mliowapeleka kusoma kule wanataka kukaa upande wa kule, na sitaki ndoa zivunjike ndani ya basi la chama.

Mwisho, sufuria. Lile kubwa la kupikia pilau ya watu mia, lenye mpini mmoja uliofungwa kwa waya, halijarudi ghalani tangu mechi ya mwisho ya nyumbani. Sitaki kujua ni nani. Liwekwe tu kwenye baraza langu kabla ya Agosti, hata usiku, na mfuniko wake.

Mweka Hazina, karibu.